Sekunde Sita

Tableti imelalia mto, chaji asilimia kumi na moja.
Nabonyeza klipu: tenga sauti.
Yashuka chini ya picha, utepe wa kijani,
vilima na mabonde.

Lali ataka harusi yake isiwe na punda.
Harusi ya Langoni, bila punda!
Nimemkata mara tatu, nikakata jenereta ya jirani
na mtoto anayelilia pilau.
Sasa midomo yaenda, neno hakuna.

Dakika ya nne, kilima kidogo nisichokijua.
Navaa hedifoni.

"Niondosheeni hiyo kamera. Lali amekula?"

Mamake, Bi Mwanakheri, nyuma ya pazia,
aliyekataa kupigwa picha umri wake wote,
tukamzika Rajabu
bila sura ya kutundika ukutani.

Kelele zote zitoke, alisema Lali.
Kidole changu kimesimama juu ya kopo la taka.

Nafuta picha:
viatu vya wageni tu, vimepandana mlangoni.
Labaki giza la sekunde sita
na mtu ndani yake anauliza.

Asilimia nne. Nahifadhi.
Lali akinidai punguzo, nitampa.