Mgeni Asiye na Hodi

Saa nane usiku, Kiboriloni. Luku imebaki yuniti mbili.
Skrini nyeusi, kishale kinapepesa
kama jicho la mlinzi anayesinzia.
Naandika amri. Inakataa.
Naandika tena: huna ruhusa.
Kumbe ni nukta, nukta moja tu
niliyoibandika pasipo pake;
mashine haijui "we si umenielewa?"

Yote haya kwa ajili ya chumba cha sauti
wanamopigiana kelele wauza mitumba:
belo la majaketi limefunguliwa,
bei gani? bei gani? nani kasema?
Nikawaambia, boti itakumbuka.
Wakacheka: boti, Moshi hii, maji yako wapi?

Saa kumi na moja ikaingia chumbani.
Kimya.
Kisha Mama Aikande, kikohozi kwanza:
"Nani huyo kaingia hata hodi hana?"

Bei hakuuliza mtu.

Nikarudi kwenye weusi ule,
juu ya bei, juu ya mabelo,
nikapachika mstari mmoja:
Hodi. Shikamooni. Mmeamkaje?

Nikaiwasha upya. Ikabisha.
Nikasikia chumba kizima: "Marah—"

Luku ikaisha.