Inakula Nini?

Shedrack wa Mtaa wa Aggrey ananipangia printa tatu kaunta,
anazifuta vumbi kwa ncha ya fulana yake.
Mama, hii laki moja na ishirini. Hii laki na tisini.
Ile usiiangalie, ile ya wenye ofisi.
Mimi siulizi bei.
Nilifuga ng'ombe Kimanga kabla nyumba hazijambana,
najua swali la kwanza la mnyama:
inakula nini?

Anacheka. Anafungua tumbo la ile ya laki na ishirini:
vikopo viwili, vidogo kama vya wanja,
kila kimoja elfu hamsini na tano,
kurasa mia na hamsini, ukibahatika.
Napiga hesabu nyuma ya risiti ya LUKU.
Mahari kidogo, matunzo ya kufilisi.

Nyamizi, jirani yangu, alinunua hiyo hiyo.
Ilichapa kadi za kipaimara cha Festo,
ikachapa nusu ya barua ya mkopo,
ikanyamaza.
Sasa iko sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma,
imebebeshwa maua ya plastiki.
Mgeni akiuliza, Nyamizi husema: inapumzika.

Nikachukua ile niliyoambiwa nisiiangalie.
Ina matangi ubavuni, wino wa chupa,
unaumimina kama mafuta ya taa
na kila siku unaona umeshuka mpaka wapi.
Laki nne na nusu. Kiinua mgongo kiliinuka,
kikaondoka.

Masharti yake nimeyajua kwa kukosea.
Mbali na dirisha, maana vumbi la barabara yetu halibishi hodi.
Masika usiache rimu wazi:
karatasi hunyonya unyevu, zikaingia mbili mbili kama wachumba,
zikakwama.
Zikikwama usivute kwa hasira.
Fungua mlango wa nyuma, vuta taratibu, kama unatoa mwiba.
Na umeme ukikatika katikati,
ukurasa utabaki unaning'inia kama ulimi.
Uache. Nenda kachambue mchele.

Shedrack alinikimbilia mpaka nje, kwenye mitaro:
Mama! Kila wiki chapa ukurasa mmoja, wenye rangi zote.
Wino ukikaa tu, hukauka mdomoni.

Jumapili ya kwanza nilichapa mistari ya majaribio.
Ya pili nikaona naharibu karatasi nzuri.
Nikaandika juu ya Bi Salma wa meza ya kwanza,
alivyoficha karanga kwenye droo ya kaboni,
na barua za Katibu zikanuka karanga mwaka mzima.

Miaka ishirini na saba nilipiga taipu wizarani.
Niliajiri watu, nilihamisha watu, nilifukuza watu,
na sahihi haikuwa yangu hata siku moja.
Yangu ilikuwa herufi mbili, chini, kushoto,
ndogo kama chawa:
mz.

Jumapili ya tisa niliandika ile barua
ya kumpunguza kazini Athumani, mume wangu.
Nakala tano. Sikukosea hata nukta.
Nikaipeleka masjala mwenyewe, kimya,
jioni nikampikia bamia,
naye akala, akasifu,
kesho yake akaipokea.

Mashine ilikohoa mara mbili, ikautoa ukurasa ungali na joto.
Niliushika mpaka ukapoa.

Sasa ni bahasha mbili za kaki, juu ya kabati.
Nyamizi kaziona. Mwajabu, unaandika kitabu?
Kitabu gani? Nazuia wino usikauke.

Ila jana, mwisho wa ukurasa, mkono ulienda wenyewe
chini, kushoto: mz.
Nikafuta.
Nikaandika Mwajabu Zuberi, jina zima, kwa waridi iliyokolea,
maana ndiyo rangi inayokauka upesi.
Nikabonyeza.
Ikavuta karatasi, ikaanza kuchapa.
Ukutani mita inalia: zimebaki yuniti mbili.