Somo la Jiografia, Kafr Zarur

Leo Bi Nazmiya hakutundika ramani.
Ile ya ukutani ina doa la chai pale tulipo,
na hata doa lingefutika, tusingekuwemo.
"Chora kijiji," alisema, "kama nyayo zako zinavyokijua."

Rushdi akaanzia kwenye daftari la Waturuki:
kaya kumi na tisa, mbuzi, kodi ya zeituni
iliyodaiwa hata mwaka wa nzige,
na mizinga.
Mizinga ya kwanza kuhesabiwa kwetu ilikuwa ya nyuki.

Ibtihal akachora ufa.
Ufa mtupu, toka mihrabu hadi kizingiti,
wa tetemeko la mwaka wa ishirini na saba.
Usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Sisi hatukuziba;
ukuta wakajenga wengine, kule chini,
katikati ya shamba la kina Ibtihal.

Nijmeh akachora cherehani juu ya punda
ikipanda kutoka tambarare, mwaka wa arobaini na nane.
Nyanya yake aliiombea pembe ya chumba, kwa wiki mbili.
Hii sare niliyovaa imeshonwa nayo.

Mimi nilichora njia ya hospitali:
kilomita sita, kizuizi,
kisha mzunguko wa kilomita thelathini na nne.
Karatasi ikaisha kabla ya hospitali.

Qusay ndiye aliyechora chemchemi.
Hajawahi kuifikia; ilizungushiwa seng'enge mwaka aliozaliwa.
Lakini aliweka hori la mawe,
alama za kamba zilivyokula ukingo,
mforosadi upande wa kushoto, na madoa yake chini.

Bi Nazmiya aliyanywa maji yale akiwa msichana.
Aliitazama karatasi, akaokota kalamu nyekundu.
"Mforosadi uko kulia."
Kisha akatupa mgongo,
akanyoosha mkono mmoja, akabadilisha, akanyoosha mwingine,
kama mtu anayeshuka ngazi asizoziona
na mtungi kichwani.
"Au ukiwa unarudi," alisema polepole.
"Ukiwa unarudi, ni kushoto."

Kalamu hakuifungua.

Nje lori la maji likapiga honi.
Tulitoka na madumu, shekeli ishirini kwa pipa.
Kwenye foleni nilisimama nyuma ya Qusay,
viganja vyake bado zambarau
kwa penseli ya rangi.