Usiku wa Tarehe Nane

Kesho ni tarehe tisa.
Vyerehani sita vimelala chini ya leso,
mvua ya Kakamega inagonga bati
kama mdai asiyechoka.

Kwenye daftari nimewapanga:
Shitanda mkataji,
Kageha wa vifungo,
Bi Ayuma anayefuma masweta huku akikohoa.
Kando ya kila jina, makato:
akiba ya uzeeni, bima ya afya, ada ya nyumba,
na kodi, ambayo ni Shitanda tu anayeifikia.
Hesabu imekubali. Mkono ndio unaokataa,

maana shule ya kule Lurambi haijalipa
sare mia mbili na arobaini,
na uzi wa kijani umekwisha.
Ningeizungusha pesa hii wiki moja tu.
Nani angejua?

Baba angejua.
Miaka kumi na tisa kiwanda cha sukari kilimkata,
na karatasi ya mshahara ikakiri: amekatwa.
Alipostaafu akaenda dirishani na bahasha yake ya kaki.
Karani akamgeuzia kioo cha kompyuta ajionee:
jina lake, halafu miezi mitupu,
mitupu, mitupu.
Hakupiga kelele.
Aliuliza tu kama kuna mahali pa kuketi.

Mtandao unazunguka, unazunguka.
Saa sita kasorobo namba ya malipo inatokea.
Nabonyeza.
Simu inatetemeka mara moja;
salio, shilingi mia tatu na kumi.

Asubuhi nitakwenda dukani kwa Wanjala
kukopa uzi.
Nitaanza na salamu ndefu.