Utepe wa Kupimia

Mara ya kwanza alikuja Ibra na kamera moja
na sanduku la lenzi, nililobeba mimi,
kijana niliyerudi juzi kutoka Unguja, Kiarabu changu bado kinachechemea.
Jina lake Pruett. Mtaani walimwita Buruti.
Kazi yangu utepe: toka kioo cha lenzi hadi pua ya mtu,
futi sita na inchi mbili,
nikitangaza kama muuza vitambaa.

Hakuamrisha. Alingoja.
Alichuchumaa saa nzima kando ya falaji
mwanga uteremke ukutani, ufike kwenye birika la Bi Zuwena,
na ulipofika akanong'ona, "Sasa,"
kama aombaye radhi.
Filamu ilikuwa ya kampuni ya mabomba.
Birika halikuwamo katika mkataba.

Kisha barua: Malta, Leeds, mji wa barafu nisioweza kuutamka.
"Muhenna, macho ni yangu, jina la mwingine."
Miaka kumi na tisa ya barua hiyo moja.
Halafu kadi, mistari miwili:
"Wamenipa kiti. Tunakuja Ibra."

Magari kumi na moja. Jenereta. Watu sitini na hema la kulia.
Kamera anayo kijana mwenye hereni;
Buruti yuko chini ya mwavuli, anatazama kijitelevisheni.
Bi Zuwena kavushwa ua mara tisa na birika lilelile.
Ya kumi akasimama, akanigeukia kwa Kiswahili:
"Mwambie, zamani alilingoja jua. Leo analitia umeme."
Nikatafsiri: "Anasema miguu yamuuma."
Kutoka kitini hadi kwake nilipima kwa macho, futi arobaini.
Sikutangaza.

Alasiri aliinuka. "Zimeni taa."
Kijana akampisha kamerani
kama anavyopishwa mwenye nyumba.
Nikavuta utepe bila kuambiwa.
Bi Zuwena alikuwa ameketi, amechoka nasi,
anajimiminia kahawa, na mwanga umeshafika mkononi.
Kamera ikaenda. Ikaenda.
Watu sitini tunangoja neno moja, *kata*,
na mwenye kulisema jicho lake limo ndani ya kioo,
amesahau kwamba siku hizi ni kazi yake.

Mkanda ukaisha, mkia wake ukawa unapigapiga ndani ya kasha.
Hakuna aliyesogea
isipokuwa Bi Zuwena, aliyenyoosha kikombe:
"Nani anakunywa? Inapoa."