Mguu wa Cherehani

Kichwa cha cherehani nilikiuza nikiwa bado edani.
Mpwa wangu alikipakia punda hadi Mkomani,
akarudi na noti zilizokunjwa mara nne.
Miguu nikaizuia. Chuma kizito chenye maua,
na kanyagio lililolika upande wa kulia tu,
alikoegemea Shekuwe, miaka thelathini na miwili.

Wakasema weka ubao juu yake, weka redio,
weka maua ya plastiki.
Nikaweka udongo.

Mkanda nilimwagiza mshona makubadhi wa Siyu.
Akauliza, "Wa kufungia nini?"
Nikamjibu, "Wa kufungulia."
Hakucheka. Akakata ngozi ndefu kuliko nilivyolipia.

Sasa mkanda unapanda kutoka gurudumu la mshonaji,
unajipinda nane,
unaikamata sahani ya mvule iliyolala chali.
Nakanyaga, sahani inazunguka,
na ukuta wa matumbawe unadondosha chokaa kidogo begani mwangu.

Gurudumu la cherehani lina tabia yake.
Usipolianzisha kwa mkono hujichagulia pa kwenda,
mbele au nyuma, kama mbuzi aliyesimama mlangoni.
Shekuwe alilitukana kwa hilo kila uzi ulipokatika.
Mimi nilikaa nalo asubuhi nzima bila kulitukana,
kisha nikaliambia: haya, tutakwenda njia zote mbili.

Kulia, navuta tumbo la mtungi.
Kushoto, navuta shingo.

Usidhani lilikubali. Kila nilipogeuza njia
udongo ulijinyonga kama nguo inayokamuliwa,
ukaniangukia mapajani.
Mitungi kumi na mmoja.
Nilihesabu kwa sababu kila mmoja
niliurudisha ndooni kwa kuuomba radhi.

Wa kumi na mbili uji uliungua jikoni.
Nikauacha mtungi nusu, bila shingo, nikakimbia kuepua,
nikakwangua sufuria, nikajilaumu, nikanywa ulioungua hivyo hivyo.
Niliporudi udongo ulikuwa umekaza kidogo,
kama shavu la mtu aliyekwisha kulia.
Nikakanyaga kwa kushoto.
Ukapanda.

Udongo uwahi ungali maji, walisema.
Nimeuwahi.
Ila hawakusema uwahiwe mara ngapi.

Alikuja Bwana Mbarak wa mradi wa ufundi,
shati jeupe, kipimo cha chuma mfukoni.
"Gurudumu huenda upande mmoja, mama. Dunia nzima."
Akapitisha ukucha pale njia mbili zinapokutana,
kwenye mstari mwembamba unaosomeka hata gizani.
"Hii hapa ni kasoro."
Nikamwambia, "Hilo ni pindo."
"Pindo?"
"Nguo isiyo na pindo hufumuka, bwanangu. Tazama mkono wa shati lako."
Akatazama. Uzi ulikuwa unaning'inia.
Aliandika kitu daftarini, sikukiona,
lakini alinunua mitungi miwili na hakuomba nipunguze.

Mfinyanzi hulia gaeni,
na mke wa mshonaji huvaa kiraka.
Mimi nimepata yote mawili kwa mkupuo,
na gae langu lina kiraka.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu.
Mguu wangu ni mwepesi kuliko wake.
Siku za mwanzo niliteleza nikatoka kwenye lile bonde
alilolichimba kwa unyayo, nikakanyaga pasipolika.
Sasa kisigino changu kinalala mle ndani chenyewe.
Sikukifundisha.

Usiku mmoja, wiki ya kwanza, Bi Khuleta wa jirani
aligonga mlango kabla ya alfajiri, kanga imemkaa upande,
mato yamemwiva.
Alikuwa amesikia ukutani
kanyagio likipanda na kushuka,
na usingizi ulimsahaulisha nani amekufa.
Mwanawe alikuwa ameahidiwa kanzu ya Idi,
imelipwa nusu, imekatwa, haijashonwa.
Akasimama kizingitini asinione vizuri,
akauliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kujibiwa,
"Imekwisha?"

Mikono yangu ilikuwa tope hadi viwikoni.
Sikuweza kumshika.
Nikamwambia,
"Bado shingo."