Kilobaiti Ishirini

Kisanduku ni kidogo kama kibiriti,
kimeshonewa ndani ya koti la Heaika, upande wa moyo,
si kwa mapenzi: betri huogopa baridi,
na leo Kautokeino ni thelathini na moja chini ya sufuri.

Kumbukumbu yake, kilobaiti ishirini.
Picha moja ya lango la zizi, ikifunguliwa yote,
yataka mia na hamsini na tatu.
Ukoo mzima umebisha hodi kwenye chumba kimoja:
utasema karibuni,
kisha uwalaze wapi?

Risten alikuwa na dawa yake ya mwaka juzi.
Picha asiilaze. Aipokee vipande vipande mlangoni,
mraba wa nane kwa nane,
afumbue fundo la biti, asome mshazari
kama mlevi anayeshuka ngazi,
autandaze kwenye kioo, kisha ausahau.
Ausahau kabisa. Mwingine aje alale palepale,
shuka halijapoa.
Haba na haba hujaza kibaba, twasema sisi;
kibaba cha Risten kilijaa na kumwagwa
mara elfu moja na mia mbili kwa picha moja,
na faida ilikuwa katika kumwaga.

Kisha wenye kamera, huko Trondheim, wakaboresha.
(Neno hilo Risten hulitema kama mwiba wa samaki.)
Sasa picha huja kwa tabaka:
kwanza kivuli cha kitu kizima,
halafu masikio, halafu manyoya,
na kila tabaka linamdai la kabla yake
awe bado yupo, macho wazi, akingoja.
Kisanduku kilijaribu. Kikajaa.
Kikaandika E7, kikanyamaza siku nne.

"Nina kitu kifuani kinachonipa joto tu,"
Heaika alisema kwenye simu, kutoka kambini.
"Hata mbwa hunipa hilo. Tena hubweka."

Kahawa ya tatu ilipoa pembeni mwa waya
kabla hajauliza swali la kivivu:
na nikichukua kivuli, nikaacha mengine?
Kila mraba hapo hutoa neno moja,
wastani wake, weusi kiasi gani, weupe kiasi gani.
Arobaini kwa thelathini. Baiti elfu mbili na mia nne.
Zinaingia, na nafasi ya kukunjua miguu inabaki.
Masikio yapite. Manyoya yapite.
Saa saba usiku akarusha marekebisho kwa redio,
akaona haya, kama aliyemwandalia mgeni maji matupu.

Simu. Upepo. Pumzi ya mzee ikipima.
"Lango liko wazi," akasema.
"Na aliyesimama hapo ni jike la Máhtte."

"Ami, huo ni ukungu. Ni madoa sita ya kijivu."

"Saba. La saba ni kichwa.
Hukiinamisha kushoto tangu alipogongwa na pikipiki ya theluji."
Injini ikanguruma, simu ikakatika.

Risten aliifungua picha kwenye kompyuta kubwa,
ile yenye nafasi ya kila kitu.
Akayavuta madoa, akayahesabu kwa kalamu.
Sita.
Akahesabu tena.
Kisha akarudi nyuma hadi mlangoni,
mgongo ukagusa makoti,
akafumba jicho moja.